Bati lenye Matundu

Ukisimama kando ya duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Nyarugusu, macho humfuata kijana anayeshushwa mpaka kofia yake imezwe na giza. Mimi pia nilikuwa hivyo siku za mwanzo. Siku hizi namtazama aliyebaki juu, mshika winchi. Kamba imezungushwa kwenye gogo, naye anaiachia kidogo kidogo, goti limekaza, gogo linalia kama mlango wa zamani. Jiwe nalo hushuka, tena haraka zaidi. Ustadi uko katika kushuka kwa mwendo utakaomfikisha mtu chini akiwa bado na akili za kufanya kilichompeleka.

Nalitaja hilo kwa sababu nina ugonjwa ambao jamaa zangu wa Geita wamechoka kuutibu: napenda ndege za kivita za zamani. Si zote. Napenda zile za mwanzo wa Vita Kuu ya Pili zilizoruka kutoka kwenye sitaha ya meli, zikapanda mpaka zikawa nukta, kisha zikashuka karibu wima juu ya meli ya adui na kuachia bomu mwishoni kabisa. Shemeji yangu huniuliza vitu hivyo vinatuhusu nini watu wa huku, wenye dhahabu yetu, pamba yetu na vumbi letu. Jibu langu huwa refu, na huanzia baharini.

Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, Wajapani waliishambulia Ceylon kwa ndege kutoka melini. Alasiri ya siku hiyo ndege zao aina ya Aichi D3A, zikiongozwa na rubani Egusa Takashige, zilizikuta manowari mbili za Uingereza, Cornwall na Dorsetshire, katikati ya Bahari ya Hindi. Zilishuka moja baada ya nyingine, na kwa muda wa kama dakika 20 manowari zote mbili zilikuwa zimezama. Walikufa watu 424. Siku nne baadaye ikawa zamu ya Hermes, meli ya kubebea ndege ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa kwenye mwambao wa Somalia wakati Waitaliano wanatolewa huko. Siku hiyo haikuwa na ndege hata moja sitahani. Walikufa watu 307.

Admirali Somerville wa Uingereza hakuwa na namna. Makao ya meli zake yakahamia Kilindini, na pamoja na meli wakaja marubani, mafundi na makasha ya vipuri. Viwanja vya ndege vya jeshi la majini vikafunguliwa Port Reitz hapo Mombasa, Mackinnon Road, Tanga, na Eastleigh kule Nairobi. Waingereza wana desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kana kwamba ni meli. Cha Tanga wakakiita HMS Kilele, cha Nairobi HMS Korongo, na cha Port Reitz wakakiita HMS Kipanga. Hilo la mwisho nalipenda sana. Aliyelichagua alilipatia, maana aliyewafukuza mpaka pwani hiyo alikuwa kipanga wa bati, na yeyote aliyefuga kuku anajua hofu hiyo ilivyo: kivuli kimoja kinapita uani, mama kuku anatoa sauti, na kabla hujageuza shingo kifaranga hakipo.

Lakini mtazame kipanga vizuri. Haanguki kama embe. Anakunja mbawa, anashuka, na akikaribia anafungua mkia na manyoya yake ili apunguze kasi na kuchagua mahali pa kucha. Wahandisi walihitaji miaka kadhaa kumfikia.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukiachia bomu kutoka mita 4,500 juu ya meli inayokimbia, bomu hilo linachukua kama nusu dakika kufika chini. Kwa nusu dakika hiyo meli ya kasi imesogea karibu nusu kilomita, na nahodha mjanja amekwisha kata kona. Unapiga maji. Dawa ni kulipeleka bomu wewe mwenyewe, ulisindikize mpaka mita 500 hivi, uliachie hapo, na nahodha abakiwe na sekunde tatu au nne tu. Tatizo linakuja kwako. Ndege ikielekezwa chini bila kuzuiwa huongeza kasi mpaka usukani unakuwa mzito kama jiwe, shabaha inakupita kabla hujaiona vizuri, na ukijaribu kuinua pua mbawa zinaweza kubaki nyuma. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa gharama kubwa ili iende mbio ilibidi itafutiwe namna ya kutokwenda mbio.

Wamarekani wa kampuni ya Northrop, wakiwa na mhandisi Ed Heinemann, walijaribu jambo hilo katikati ya miaka ya 1930 kwenye ndege iliyoitwa BT-1. Sehemu ya nyuma ya bawa waliipasua ikawa mabati mawili yanayofunguka, moja likienda juu na lingine chini, kama mdomo wa mamba. Hewa ikajaa mdomoni, ndege ikazuilika. Ila hewa ile iliyovurugwa na mabati ilitoka nyuma ikizunguka-zunguka na kwenda kuupiga mkia, na mkia ukatikisika vibaya hata rubani akahofia utang'oka. Breki ilikuwa inafanya kazi. Ndege ndiyo ilikuwa haiivumilii.

Wakatoboa matundu.

Hapo ndipo mapenzi yangu yalipoanzia. Walichukua mabati yale na kuyatoboa matundu mengi ya duara, safu kwa safu, kila moja upana wa inchi 3 hivi, chungwa dogo linapenya. Hewa kiasi ikapita ndani ya bati badala ya kupigana kwenye kingo, vile vimbunga vya nyuma vikakosa nguvu, mkia ukatulia. Na breki ikabaki breki. Anayetaka kuona kanuni hiyo asisafiri mbali; atazame bango la kitambaa lililofungwa kukatiza barabara mjini Kahama au Shinyanga. Lisilokatwa matundu huvimba kama tanga, hupiga makofi usiku kucha, na asubuhi utalikuta limelalia nyaya. Fundi anayejua kazi hukata nusu duara hapa na pale, upepo unapita, bango linakaa. Hakufundishwa darasani.

Northrop ilipomezwa na Douglas mwaka 1937, ndege ile iliendelea kukua mpaka ikawa SBD Dauntless, ikaanza kutumika mwaka 1940. Zilitengenezwa 5,936. Wanajeshi wenyewe walizichezea herufi za jina lake wakasema maana yake ni polepole lakini ya kuua, na kwa kweli haikuwa na mbio. Injini yake ya Wright, silinda tisa zimepangwa duara kama mihimili ya gurudumu, ilitoa nguvu za farasi 1,000 kwenye matoleo ya mwanzo. Ikipiga mbizi na mabati yake yamefunguka ilishuka kwa kama kilomita 440 kwa saa na kubaki hapo hapo. Rubani akapata karibu nusu dakika ya kutazama sitaha ya adui ikikua mbele ya pua yake, akisahihisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Nyuma yake, akiwa amempa mgongo, alikaa mpiga bunduki. Huyo alishuka kinyumenyume akitazama anga tupu. Sijawahi kuamua nani kati yao alikuwa na moyo mgumu zaidi.

Mawili mengine ya ndege hii hunirudisha kwenye picha zake kila mara. La kwanza ni bomu. Lilining'inia tumboni, na ndege ikiwa imeelekea chini bomu likiachiwa tu lingeweza kukutana na panga za injini yake yenyewe. Kwa hiyo lilishikwa na chuma chenye panda, mfano wa panda ya manati, kilichofungwa kwa bawaba. Likifunguliwa, ile panda inalibembeza kwenda mbele na chini, inalipitisha nje ya duara la panga, kisha inaliacha liende zake. Manati inayotupa kilo 450! La pili ni mbawa. Ndege nyingi za melini hukunja mbawa ili zienee ghalani, lakini SBD haikukunja. Waliokuwa wanaichora walijua kwamba kiungo ni mahali pa kuvunjikia, na ndege hii ingevutwa juu kwa nguvu kila siku ya kazi. Wakakubali ijaze nafasi melini kuliko ikatike angani.

Haikuwa kamili. Darubini ya kulengea kwenye matoleo ya mwanzo ilikuwa kero tupu: unatoka juu kwenye baridi ya kugandisha, unashuka kwenye hewa ya joto yenye unyevu, kioo kinaingia ukungu. Ni kama miwani yangu ninaposhuka kwenye basi lenye kiyoyozi pale stendi ya Geita, ila mimi nahofia tu kukanyaga beseni la mama muuza ndizi.

Siku moja niliipeleka picha ya mabati yale kwa fundi mmoja wa Katoro anayeziba makarai. Wachenjuaji wa dhahabu humletea karai lililotoboka chini, naye hulikatia kiraka cha bati, hupiga ribiti. Ni mtu wa maneno machache. Alichukua simu, akaitazama, akaniuliza, "Mzee, hii ndege ilikuwa inasaga unga?" Alidhani ni lile bati la matundu linalokaa ndani ya mashine ya kusaga. Nilipomweleza habari ya hewa na mkia alinyamaza, akavuta picha ikawa kubwa, akahama kabisa kutoka kwenye matundu kwenda kwenye ubavu wa ndege ambako ribiti zimepangwa kama mshono wa cherehani.

"Na huku ndani alikaa nani?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu asiye fundi. Ribiti haipigwi na mtu mmoja. Wa nje anagonga, na wa ndani anashikilia kipande cha chuma kizito upande wa pili ili kichwa cha pili kijitengeneze. Akishikilia upande, ribiti inalala. Akilegea, bati linabonyea. Akichelewa kuondoa, analiumiza. Yeye huko ndani haonekani na kazi yake haionekani, lakini ukipitisha kiganja nje utamjua kama alikuwa makini. Ndani ya mkia wa ndege ile hakuna nafasi ya mtu mkubwa. Kwenye viwanda vya Douglas huko California wakati wa vita wanawake wengi walishika kazi hizo, wawili wawili, mmoja nje, mmoja ndani. Fundi wangu aliposikia hivyo alimwita mkewe aliyekuwa anachambua mchele, akamwonyesha.

Hata Shinyanga ilikuwemo kwenye kazi hiyo ya vita, kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Watu hukumbuka ile ya waridi ya mwaka 1947 aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake, karati 54 kabla ya kuchongwa. Lakini wakati wa vita almasi iliyotafutwa kwa udi na uvumba ilikuwa ile isiyo na sura, ya kazi. Jiwe la kunolea linalosawazisha mhimili wa injini huchakaa likapoteza umbo, na kinacholirudishia umbo ni ncha ya almasi. Waya mwembamba nao huvutwa kupitia tundu lililotobolewa kwenye almasi. Hapo tena ni matundu.

Zile meli za Kijapani zilizofukuza watu mpaka Kilindini hazikudumu. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway, SBD zilizikuta Akagi, Kaga na Soryu, na kwa muda wa kama dakika tano zote tatu zikawa zinawaka. Jioni ikafuata Hiryu. Ukiitoa Kaga, zilizobaki ndizo zilizokuwa Ceylon wiki chache nyuma. Akagi ilimalizwa na bomu moja lililopenya barabara, na aliyehesabiwa kulipiga, Dick Best, hakuruka tena baada ya siku hiyo: mtungi mbovu wa hewa ulimuunguza mapafu na kuamsha kifua kikuu.

Katika ndege zilizopigana siku hiyo imebaki moja ninayoitamani kuliko zote. Namba yake ni 2106. Ilikuwa Bandari ya Pearl Wajapani waliposhambulia tarehe 7 Desemba 1941, ikapona. Machi 1942 iliruka kutoka meli ya Lexington kwenda kupiga Lae na Salamaua, huko New Guinea. Kule Midway ilikuwa mikononi mwa rubani Daniel Iverson na mpiga bunduki Wallace Reid. Wakaishambulia Hiryu, wakakosa, wakafukuzwa na kuchakazwa, wakarudi kutua kwa gurudumu moja. Mafundi walihesabu matundu 219 ya risasi. Hayo hayakuwa kwenye michoro ya Heinemann.

Waliiziba. Kiraka baada ya kiraka, ribiti baada ya ribiti, kisha wakairudisha Marekani ikafundishie wanafunzi. Wanafunzi walijifunzia kutua kwenye Ziwa Michigan, juu ya meli mbili za abiria zilizokatwa paa na kutandikwa sitaha, Wolverine na Sable. Zilikuwa za makaa ya mawe na magurudumu ya ubavuni, kwenye ziwa la maji baridi ambako nyambizi haiwezi kufika. Tarehe 11 Juni 1943 mwanafunzi mmoja alipunguza mno mwendo akielekea Sable, 2106 ikaangukia majini. Mwanafunzi aliokolewa. Ndege ikazama ikakaa miaka 50, mpaka ilipoopolewa mwaka 1994. Viraka vya Midway vilikuwa bado viko mahali pake. Sasa iko kwenye makumbusho ya anga ya jeshi la majini huko Pensacola, Florida.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa tofauti ya maji hayo na ya bahari. Chumvi huila alumini mpaka ikawa unga mweupe. Maji yasiyo na chumvi, tena yenye baridi, hutunza. Tanzania tuna ushahidi wetu: MV Liemba. Ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa kwa ribiti pale Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Ziwa Tanganyika isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Nafikiria sana mikono iliyopaka grisi ile. Waliamriwa kuua meli, wakaiandaa kwa kufufuliwa. Mwaka 1924 iliinuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria.

Götzen ilikuwa imefungwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyojificha kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915. Ndege nazo zilitumika kuisaka. Waingereza walileta ndege za mbao na kitambaa mpaka kisiwa cha Mafia, na joto la pwani likayeyusha gundi ya baadhi yake zikawa haziruki. Miaka 25 baadaye Wajerumani walikuwa na Königsberg nyingine, na tarehe 10 Aprili 1940 ilipigwa bandarini Bergen, Norway, na ndege 16 za Kiingereza aina ya Blackburn Skua. Hizo zilikuwa za bati tupu. Ikawa manowari kubwa ya kwanza katika vita ile kuzamishwa kwa mabomu ya ndege za kupiga mbizi.

Skua zilitengenezwa 192 tu na hakuna iliyobaki nzima. Moja, L2940, ilitua kwa dharura juu ya ziwa lililoganda huko Norway Aprili 1940, barafu ilipoyeyuka ikazama, na mwaka 1974 ikaopolewa. Iko Yeovilton, Uingereza, imelazwa jinsi ilivyotoka majini, ngozi imeraruka, mbavu nje. Nyingine, L2896, ilitolewa fjodi ya karibu na Trondheim mwaka 2008 ikapelekwa makumbusho ya Bodø. Za Aichi hali ni mbaya zaidi: mabaki machache, na hakuna hata moja inayoruka.

Wapo wanaolalamika kwamba ile ya Yeovilton ingepakwa rangi ikapendeza. Mimi siafiki. Ndege iliyopakwa rangi mpya inanionyesha fundi wa leo, naye namheshimu. Iliyoraruka inanifungulia mlango nione alipokaa yule wa ndani, alivyopanga mbavu, wapi alibanwa na nafasi. Kama ningekuwa na sauti kule Pensacola ningeomba rangi iwe nyembamba juu ya viraka.

Nilimsimulia fundi wa Katoro habari ya viraka 219 siku nyingine, nikamkuta na karai la mchenjuaji lililooza upande mzima. Alisikiliza huku anagonga. Mkewe alikuwa ameketi ng'ambo ya karai, ameshika nyundo kubwa kwa mikono miwili, ameikandamiza chini ya kiraka kila mumewe anapopiga. Hawakuwa wakitazamana. Walipomaliza ribiti ya mwisho alisimama, akaliinua karai juu ya kichwa akalielekeza kwenye jua la saa nane, akaingiza uso ndani.

"Mama Neema," akasema kutoka huko ndani, "limebaki moja."